Korona ya Mzee Yordani

Mwatumu Mwinjuma alikuwa na tabia ambayo mama yake, kule Sindeni, Handeni, aliiita ugonjwa: hakuweza kupita karibu na kitu bila kukigonga. Akiingia nyumba ya watu, kabla hajakaa ameshagonga meza. Akinunua sufuria sokoni, hakuitazama kama ina tundu. Aliipiga kwa ukucha na kuitegea sikio, muuzaji akabaki ameduwaa. Alipokuwa na miaka tisa alichapwa msibani kwa kugonga jeneza. Hakuwa na ubaya wowote, masikini. Alitaka tu kujua kama jeneza lenye mtu linalia tofauti na jeneza tupu.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na moja, na ugonjwa ule ndio uliokuwa ukimlisha. Alipanga chumba Manundu, Korogwe mjini, akazifunika kuta zake kwa magunia ya katani na magodoro chakavu ili kelele za barabarani zisiingie. Humo, kwa kompyuta moja na kinanda kidogo, alitunga muziki wa kielektroniki na kutengeneza sauti za filamu, matangazo ya redio na michezo ya simu. Watazamaji hudhani kila wanachokisikia kwenye filamu kilisikika siku ile ile ya kupiga picha. Thubutu! Yule simba anayenguruma kwenye tangazo la betri ni mlango wa stoo ya baba yake Mwatumu, uliopunguzwa mwendo mara nne. Mifupa iliyovunjwa kwenye tamthilia moja ya majambazi ilikuwa makopa ya shangazi yake, muhogo mkavu kabisa, na baada ya kuurekodi waliutwanga wakaula.

Mzee Mwinjuma alipoambiwa kwamba simba ni mlango wake, alicheka hadi akakaa chini. Kisha akauliza lile swali ambalo halikumwisha mdomoni.

"Kwa hiyo mwanangu, kazi yako ni uongo?"

"Ni uongo ambao mwenye kitu akiusikia anasema ndicho chenyewe, baba."

Jibu zuri, na alilipenda sana, mpaka ilipokuja kazi ya korona.

Korona ndilo jina ambalo watu wa mkonge huipa mashine ya kuchuna majani ili zibaki singa, zile nyuzi zake. Jina hilo lilikuwepo mashambani miaka mingi kabla ya ule ugonjwa wa dunia nzima. Mwongozaji mmoja wa filamu, dada aliyeitwa Rukaya, alikuwa amepata picha za mwaka sabini na nne za kambi moja ya mkonge ng'ambo ya Magoma. Dakika nne za korona ikifanya kazi: mikanda inazunguka, wanaume wanapanga majani, maji yanaruka, singa nyeupe zinatoka upande wa pili. Picha safi, lakini bubu. Haikuwa na sauti hata ya mtu kukohoa. Na mashine yenyewe ilishakatwa vipande zamani ikauzwa chuma chakavu.

"Nataka korona ile ile," Rukaya alimwambia kwenye simu. "Filamu itaoneshwa kwanza kambini kwao, waitazame wenyewe. Ikifika Ijumaa mchana hujaipata, nitaweka hii niliyoinunua mtandaoni."

Akamtumia hiyo ya kununua. Mwatumu aliisikiliza mara moja tu. Ulikuwa msumeno wa mbao, na nyuma yake, ukitega sikio vizuri, kulikuwa na ndege wa nchi za baridi wanalia.

Alishikwa na hasira, nayo hasira ikageuka hofu. Hii ndiyo ingekuwa filamu yake ya kwanza ambayo jina lake lingeandikwa peke yake penye neno "Sauti". Watu waliozeeka ndani ya ule mlio wakae kwenye viti wasikie msumeno na ndege wa Ulaya, kisha wasome Mwatumu Mwinjuma? Afadhali arudi Handeni akapige kinanda kwenye harusi.

Jumatatu alianza kwa kufanya kile ambacho mtu yeyote angefanya. Alikwenda kwenye shamba lingine ambalo bado linachuna mkonge, akaomba ruhusa, akairekodi mashine yao ya siku hizi asubuhi nzima. Mchana akapanda bodaboda hadi kambi ile ya kwenye picha kumtafuta mtu wa kumhakikishia. Kila aliyemuuliza alimtajia jina moja, mzee Yordani, aliyelisha korona tangu akiwa kijana hadi siku kiwanda kilipofungwa.

Alimkuta uani, mzee mrefu aliyepinda kidogo begani, anasuka kamba ya katani kwa vidole visivyohitaji macho. Mkewe, bibi Getruda, alikuwa anachambua mchicha.

"Shikamoo babu!"

Mzee aliendelea kusuka.

"Mpigie kelele," alisema bibi Getruda bila kuinua kichwa. "Huyo husikia anachotaka."

"SHIKAMOO BABU!"

"Marahaba, marahaba. Unatoka wapi, binti?"

"Korogwe, lakini kwetu Handeni. Mzigua."

Uso wa mzee ukachangamka. Baba yake alikuja Tanga kutoka Tabora akiwa manamba, kibarua wa mkataba, na Mnyamwezi akikutana na Mzigua hawezi kuacha utani upite. "Mtani wangu! Getruda, fungia kuku!"

"Kuku wenu nilishawamaliza siku nyingi, babu," Mwatumu alimjibu kwa sauti ya juu. "Leo nimefuata kelele tu."

Wakacheka, akapewa kigoda, akakigonga kabla ya kukikalia. Kisha akamvalisha mzee hedifoni na kumchezea mashine aliyoirekodi. Mzee alifumba macho, akasikiliza, akazivua kwa adabu kama mtu anayerudisha chakula kisicho na chumvi.

"Siyo. Hii inakula kama mgonjwa. Yetu ilikuwa inakula."

"Tofauti yake nini, babu? Ilikuwa nzito zaidi? Ilikuwa na mikwaruzo?"

Mzee akakunja uso. Ilionekana anatafuta kitu mahali alipozoea kukiweka. Halafu akagonga sikio lake la kushoto kwa kidole.

"Usihangaike. Korona yangu ninayo humu. Kiwanda kilifungwa, humu hawakuzima. Inalia mpaka sasa hivi nikiongea na wewe."

"Ameanza," alisema bibi Getruda.

Mwatumu akasogeza kigoda karibu. Aliuliza maswali kumi kwa pumzi moja. Inalia vipi? Masikio yote mawili? Ukilala je? Mzee alijibu kwa furaha ya mtu ambaye hajaulizwa siku nyingi. Inalia saa zote. Daktari alimwambia masikio yameharibika, azoee. Jirani mmoja alisema ni jini. Mkewe alikuwa na maelezo yake.

"Inalia nikimwambia kachote maji," alisema bibi Getruda. "Nikisema chakula tayari, hailii."

Basi njia nzima ya kurudi Korogwe Mwatumu alikuwa akitabasamu nyuma ya bodaboda mpaka vumbi likamjaa menoni. Korona ya mwaka sabini na nne ilikuwepo, nzima, haijaguswa na wauza chuma chakavu, ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Kilichobaki ni kuitoa. Na kuna fundi gani mwingine nchini aliyewahi kupewa kazi ya namna hiyo?

Jumatano alirudi na kompyuta, kinanda kidogo, spika na kinasa sauti. Alikiwasha kinasa sauti tangu anaingia uani, kama ilivyo desturi yake, akakiweka juu ya kinu. Akamvalisha mzee hedifoni.

"Babu, nitatengeneza mlio. Wewe utaniambia nipandishe au nishushe, mpaka ufanane na wa humo ndani. Ukiumia, nionyeshe mkono nizime."

Akaanza chini, kwenye ngurumo, maana mashine ya tani kadhaa haiwezi kulia kama chiriku. Mzee akaonyesha dole gumba juu. Akapandisha. Juu tena. Mwatumu alipita sauti ya injini, akapita sauti ya filimbi, mzee bado anaonyesha juu. Walifika mahali pembamba kabisa, na hapo ndipo kazi ilipoanza: kidogo chini, hapana, hapo kati, uongeze ukali, sasa kuna kama maji yanachemka pembeni yake. Mwatumu akaongeza mvumo mwembamba. Mzee akatikisa kichwa, utetemeke kidogo, siyo hivyo, polepole. Saa nzima ilipita, na robo juu yake.

Ghafla mzee alimshika mkono.

"Hiyo," alisema. Macho yalikuwa yamemlowa. "Hiyo hiyo. Umeipata, mtani. Ndiyo yenyewe."

Mwatumu aliweka upande mmoja wa hedifoni sikioni mwake. Ulikuwa mlio mwembamba kama wa mbu, umekaa palepale, haupumui, hauli jani wala hautemi singa. Usingeweza kutoka kwenye mashine ile hata kwa bahati mbaya. Alikuwa amepoteza Jumatano nzima akiinakili korona, kumbe anakinakili kidonda ambacho korona ilikiacha. Na yeye ndiye anayejiita mjuzi wa sauti! Mtoto wa darasa la nne angemwambia.

Lakini mzee alikuwa anatabasamu. Mwatumu alimtazama bibi Getruda, aliyekuwa anapuliza moto jikoni penye mlango wazi. Bibi huyu alianika singa kwenye waya miaka kumi na tisa, hatua mia mbili kutoka kwenye mashine. Mwatumu akachomoa waya wa hedifoni, mlio ukatoka kwenye spika, wa wastani tu.

"Bibi, samahani. Hii inafanana na korona?"

Bibi Getruda alitoka na mwiko mkononi. "Korona? Korona ilikuwa ikitikisa vyombo kabatini. Hiyo ni mbu gani? Hebu zima, inaniuma mpaka kwenye meno."

"Ndiyo anayoisikia babu."

"Anaisikia lini?"

Mwatumu akamgeukia mzee, akauliza kwa sauti. Mzee akajibu, "Saa zote. Tangu mwaka themanini na sita."

"Hata sasa?" aliuliza bibi. Alikuwa amesogea mbele ya mumewe ili mzee aone midomo yake. "Hata kanisani? Hata usiku tukilala?"

"Usiku ndiyo zaidi."

Mwiko ulishuka pole pole. Bibi Getruda alisimama ndani ya ule mlio, hakusema tena uzimwe, akausikiliza kama mtu anayehesabu. Alipozungumza sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mimi nilidhani unanidharau, Yordani. Miaka yote hii nakuita jioni huitiki, nikasema moyoni, huyu amenichoka. Nilikuchukia siku nyingine. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia."

"Uliniambia una korona kichwani! Hukuniambia ni kitu kama hiki."

Mwatumu aliona aibu kukaa kati ya watu wawili walio kwenye jambo lao. Akanyoosha mkono akauzima mlio.

Mzee Yordani akainua kichwa.

Aligeuza shingo huku na huku, taratibu, kama mtu aliyesikia nyayo. Akashika sikio la kushoto, akashika la kulia. Akanyanyua kiganja kuwazuia wote wasiseme.

"Imezima," alinong'ona.

Mwatumu hakujua sababu. Baadaye alikuja kusoma kwamba huwatokea baadhi ya watu: ukiwachezea mlio unaofanana na wao kisha ukauondoa, wao nao hukoma kwa muda mfupi. Siku ile alijua tu kwamba mzee aliyekuwa mbele yake alikuwa anasikia kimya kwa mara ya kwanza katika karibu miaka arobaini. Na alijua kitu kingine, kikamchoma. Kama kuna wakati ambapo mzee huyu angeweza kukumbuka korona ilivyolia, ulikuwa huu, sasa, kabla mbu hajarudi. Keshokutwa ilikuwa Ijumaa. Swali lilikuwa mdomoni, limekwisha kuiva: babu, ilikuwaje?

Akauma ulimi. Aliona uso wa mzee, akashindwa.

Sufuria ilikuwa inatokota. Kuku alijikung'uta kwenye majivu. Bibi Getruda alivuta pumzi yenye machozi ndani yake, na mzee akamgeukia, kwa maana alikuwa ameisikia. Walitazamana tu, mpaka mabega ya mzee yakashuka tena.

"Imerudi," alisema.

Bibi Getruda alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Mjukuu wangu, hebu washa tena hiyo mbu yako."

Mwatumu akauwasha, akahesabu hadi sitini, akauzima. Mlio wa mzee ukakoma kama mara ya kwanza. Safari hii mzee hakukaa kimya. Alifumba macho, na kiganja chake cha kulia kikaanza kujipiga pajani, polepole, chepesi kisha kizito.

"Mkanda," alisema. "Kwanza mkanda wa ngozi, una kiungo kimoja kibovu. Pwa... pwa... pwa. Mtani, miaka yote nilidhani ninayo, kumbe ile mbu ilikuwa imenikalia mlangoni, na korona iko nyuma yake. Sikiliza. Sasa ngoma za kuchunia zinaamka." Akatoa tumboni mngurumo mzito uliopanda ngazi kwa ngazi. "Jani likiingia inapungua, inakasirika. Haaa-krrr! Halafu inameza. Haaa-krrr!"

"Na troli," bibi Getruda akadakia. "Umesahau troli ya majani!" Akaburuta mfuniko wa sufuria juu ya jiwe la jikoni, gara, gara, gara.

"Troli haikuwa haraka hivyo."

"Wewe ulikuwa ndani, mimi nilikuwa nje. Ilikuwa haraka. Na maji ya mfereji ule, shaaa."

Wakabishana hivyo hivyo, mmoja anapiga paja, mwingine anaburuta mfuniko, hata mzee aliposema mbu imerudi hawakuacha, kwa kuwa sasa alikuwa ameshaikamata korona na hakutaka kuiachia. Juu ya kinu taa nyekundu ya kinasa sauti ilikuwa inawaka.

Alhamisi Mwatumu hakutoka chumbani. Aliushusha mlio wa ile mashine ya siku hizi mpaka ukawa na tumbo. Akapiga meza kwa kubadhi la ngozi, akiacha pigo moja bovu kila mzunguko. Chini ya vyote akaweka mngurumo wa mzee Yordani mwenyewe, na kwa mbali mfuniko wa bibi Getruda. Picha zilipofika mahali mashine inaposimamishwa, akaweka ule mlio mwembamba wa mzee ukibaki peke yake nusu dakika, kisha kimya cha uani: sufuria, kuku, pumzi. Ijumaa asubuhi akatuma.

Rukaya alipiga kabla ya adhuhuri. "Mwatumu, korona hii imenitisha. Umeitoa wapi?"

"Kwa wenyewe."

"Lakini mwishoni kuna mluzi. Ni kosa la kompyuta?"

"Siyo kosa. Uache kama ulivyo."

Filamu ilioneshwa wiki tatu baadaye, saa tisa alasiri, kwenye ukumbi wa kanisa pale kambini, madirisha yamezibwa kwa magunia. Wazee waliowahi kufanya kazi kiwandani walikaa viti vya mbele, vijana wakajazana nyuma. Korona ilipoanza kulia ukumbi ulipasuka kwa kelele. Mzee mmoja alisimama akaanza kupanga majani hewani, wenzake wakamwita kwa jina la utani ambalo wajukuu zake hawakuwahi kulisikia. Mwatumu, amesimama mlangoni, alilia waziwazi, wala hakujificha. Walikuwa wamesema ndiyo yenyewe.

Kisha mashine ikasimama, na mlio mwembamba ukabaki.

Kelele zikafa. Mzee Filemoni, fundi wa mikanda, alishika sikio lake. Jirani yake akashika lake. Kwenye benchi la tatu wawili walikuwa wameshika yao, wakatazamana kama watu waliokutana uchi mtoni. Mwatumu alihesabu wazee saba walioshika masikio.

Mlio ulipokatika, wawili kati yao walitikisa kichwa tu; kwao hakukubadilika kitu. Watano walibaki wameduwaa, vichwa juu, mikono bado masikioni.

"Yordani!" mzee Filemoni aliita, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri. "Kumbe na wewe?"

"Na mimi."

Huku nyuma vijana wakaanza kuuliza kuna nini, viti vikakwaruza sakafu, mtu akacheka. Bibi Getruda aliinuka kutoka safu ya wanawake, akawageukia, mikono kiunoni.

"Nyamazeni!" alisema. "Mnawamalizia dakika yao."